Nyumba Isiyotaka Mbio

Ghuba ya Lan Ha,
12 Novemba 2001

Mdogo wangu Luan,

Naanza na salamu maana Mama alitulea hivyo, hata moto ukiwaka jikoni unasalimia kwanza. Mimi mzima. Muc naye mzima ila amezeeka, siku hizi anabwekea mawimbi badala ya watu. Wiki iliyopita niliifuta moshi picha ya Mama pale kwenye meza ya wazee waliotangulia, nikamsimulia habari zako za Busan, kwamba unasugua rafadha, hayo mapanga yanayosukuma meli kubwa kuliko nyumba yetu. Chewa waliomo kwenye vizimba chini ya sakafu wananenepa. Bi Xuyen bado anakuja na mashua yake kila Jumatano kununua samaki, na ndiye atakayeipeleka barua hii posta, kwa hiyo ikinuka usinilaumu mimi.

Kha hajarudi. Najua unajua, lakini huwa naandika hivyo mara kwa mara nisije nikaonekana nimesahau. Juni iliyopita umetimia mwaka tangu mume wangu alipotoka na mashua kwenda kuvua ngisi. Bakuli lake bado naliweka mezani kila jioni. Namwekea upande mmoja wa samaki, baadaye anaula Muc.

Sasa nina swali la kazi yako. Nataka kitu cha kuisogeza nyumba yetu hii inayoelea, yenyewe, bila kuvutwa. Tufani ikitangazwa, mashua ya Kha ndiyo iliyokuwa ikiongoza kutuvuta mpaka Hori ya Trung penye kinga, na mashua haipo. Majirani wapo, usiwe na wasiwasi, nikiwaomba watanivuta. Sitaki kusumbua watu, basi. Nitafute mashine ya namna gani? Sina haraka ya kufika. Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua kitu, nami nitajifanya sijui.

Dada yako,
Thoa


Busan,
20 Januari 2002

Dada Thoa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinikuta nina mambo mengi. Mimi mzima, ila baridi ya huku inakata masikio. Chumbani tuko watatu, mimi na vijana wawili wa Nghe An, watu wa nchi kavu. Juzi tulipika samaki, na mmoja wao alipomaliza upande wa juu akamgeuza, hivi hivi, na kijiti chake, kana kwamba huko si kupindua chombo. Nilisimama nikaenda kula wali mtupu kwenye ngazi. Wakanicheka: "We Luan, hapa ni ghorofa ya nne. Itapinduka nini?" Kurudi mezani sikurudi.

Kabla ya mashine, niulize: umegombana na nani? Kwetu nyumba haifungwi injini. Tufani ikija kila nyumba inatoa kamba, mashua kumi zinaivuta nyumba ya kwanza, zinarudi kwa ya pili, mpaka zote zifike horini. Mtu akifunga injini kwenye nyumba anawaambia majirani kwamba kamba zao hazitaki. Wewe unasema majirani wapo. Basi sielewi, lakini umeuliza nami nakujibu.

Usinunue mashine ya boti kama za vijana wa Cat Ba, zile zenye rafadha ndogo kama sahani inayozunguka kwa wazimu. Boti ni nyepesi, na pua yake inapasua maji. Nyumba yetu ni sakafu ya mbao juu ya mapipa, uso wake bapa, na vizimba vinaning'inia chini. Rafadha ndogo itachemsha maji na kupiga kelele, na nyumba itabaki pale pale. Kitu kizito kinataka rafadha kubwa inayozunguka polepole, ikamate maji mengi na kuyasukuma bila haraka. Ndivyo zilivyo hizi za meli. Moja ni ndefu kuliko chumba chetu, na ikizunguka unaweza kuhesabu mapanga yake.

Kwa hiyo tafuta injini ya pawatila, ile ya silinda moja ya kulimia mpunga. Mafuta inayanusa tu. Mkanda utoke kwenye puli ndogo ya injini uende kwenye puli kubwa ya mhimili, hapo mzunguko unapungua na nguvu inaongezeka. Rafadha iwe na upana wa mkono wako kuanzia bega mpaka ncha za vidole. Mchoro uko nyuma ya karatasi. Mwendo wako utakuwa wa mwanamke aliyebeba ndoo mbili za maji. Kutoka hapo hadi horini ni saa tatu. Nihesabie mapipa, na uniambie vizimba vinashuka kina gani.

Tet hii, mwaka mpya wetu, siwezi kuja, kazi ni nyingi. Labda mvua zikiisha.

Mdogo wako,
Luan


Ghuba ya Lan Ha,
3 Machi 2002

Luan,

Heri ya mwaka, ingawa umeshapoa. Nilifunga keki za wali kwenye majani kama kila mwaka, nikafunga nane, sijui nilikuwa nawafungia kina nani. Nimekula nne, Bi Xuyen nikampa tatu. Moja iliota ukungu kwenye meza ya wazee.

Mapipa ni sitini na manne, na manne yanavuja. Vizimba vinashuka pima mbili na nusu, lakini nitavipandisha vyote kabla ya safari, sikuzaliwa juzi.

Kuhusu mchoro wako, nilicheka mpaka Muc akaja kuniangalia. Injini umeiweka upande wa mlango. Unataka Mama asafiri kinyumenyume? Meza ya wazee inatazama mlangoni, Luan, na nyumba inakwenda kule wazee wanakotazama. Miaka mitano tu ya kula kabichi yenye pilipili na umesahau nyumba ina uso. Injini itakaa nyuma, jikoni kwangu, na wewe ukija utalala nayo.

Lakini hiyo pawatila siitaki. Nilikwenda bandarini nikasimama karibu na ile ya muuza barafu. Ikiwaka husikii kitu kingine chochote duniani. Vipi makasia? Mawili marefu ya nyuma, kama ya vile vyombo vidogo vya sampani ila makubwa zaidi. Makasia yananyamaza.

Na mwandiko wako una nini? Herufi zote zimelalia kushoto kama walevi wanaorudi nyumbani. Mwalimu wetu angekuchapa.

Thoa


Busan,
9 Mei 2002

Dada,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa Muc. Umenishinda kuhusu mlango. Niliusoma ule mstari wako nikaona aibu kama mtoto, maana ni kweli nilisahau, na sikujua kama nimesahau.

Mwandiko ni kalamu tu, nimebadilisha kalamu.

Makasia hayafai. Nimepiga hesabu, nyumba hiyo vizimba vikiwa juu haipungui tani kumi na nane. Ungehitaji watu sita wa kupokezana, na hao watu sita wangekuwapo usingeniandikia. Nimefikiria pia mota ya umeme, kama ya gari dogo la kubebea mizigo hapa karakanani. Hiyo haina sauti kabisa. Ila betri zitakufikisha nusu ya njia, na nusu ya njia ndipo penye mkondo. Afadhali ubaki ulipo kuliko kuishiwa pale.

Tumerudi kwenye pawatila. Dada, unataka kusikia nini? Hukusema, na sikulazimishi. Nakuambia hili tu: injini ile inazimika. Ukiizima, nyumba haisimami. Uzito wake unaibeba, itaendelea kuteleza yenyewe muda wa kumenya kitunguu kimoja, pengine viwili maji yakitulia. Muda huo ni kimya, hakuna sauti ila maji chini ya mapipa. Halafu unaiwasha tena. Chuma cha kuwashia unakizungusha hata kwa mkono wa kushoto. Nimejaribu.

Boti inasimama upesi kuliko nyumba, kumbuka hilo ukikaribia mwamba.

Luan


Ghuba ya Lan Ha,
22 Julai 2002

Mdogo wangu,

Habari za hapa ni joto. Chewa kumi na wawili walikufa kwa maji ya moto, nikawakausha kabla hawajaharibika. Mama mzima kwenye picha yake.

Injini imefungwa. Fundi Quy alikuja nayo kutoka bandarini kwa mashua ya Bi Xuyen, na rafadha kubwa aliyoitoa kwenye chombo kilichozama, akaikata kwa kipimo cha mkono wangu kama ulivyosema. Kazi ilimchukua siku mbili. Alipokaza nati ya mwisho akaniuliza, "Shangazi, umegombana na nani?" Nikamwambia, "Hakuna hata wa kugombana naye. Ndiyo shida yenyewe." Akaangalia huku na huku, akanywa chai yake.

Nilikudanganya, Luan. Majirani hawapo. Zilikuwa nyumba kumi, unazijua. Mwaka juzi zilibaki sita, mwaka jana mbili. Wamepewa viwanja nchi kavu, watoto wanasoma, wazee wanasema miguu imepona baridi. Bi Hoi ndiye alikuwa wa mwisho. Mwezi Machi alivunja nyumba yake ubao kwa ubao huku akilia, akanipa chungu chake kikubwa, kana kwamba nina watu wa kuwapikia. Sasa ukisimama mlangoni kwangu unaona maji na miamba. Nikikohoa, miamba ndiyo inayonijibu.

Mwanzo wa mwezi redio ilitangaza tufani. Nilipandisha vizimba, nikawasha injini, ikatoa moshi vizuri tu. Halafu nikaizima. Nikakaza kamba za nanga, nikaingia ndani nikakaa na Muc. Tufani ilipita kaskazini, ikaondoka na mabati matatu basi. Sijui kwa nini nakueleza haya.

Thoa


Busan,
15 Agosti 2002

Dada,

Leo salamu zangu ni fupi, nisamehe. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa nilishindwa.

Pawatila uliikataa kwa ajili ya kelele zake. Makasia uliyataka kwa sababu ulijua hayawezekani. Sasa injini unayo, inawaka, tufani ikatangazwa na wewe ukakaa ndani. Usinitafutie kosa kwenye mkanda. Hutaki kusogea. Unaogopa Kha akirudi, au akirudi kwa namna ile nyingine, akute maji matupu.

Unakumbuka tulivyohama tulipokuwa wadogo? Babu alikuwa amepotea baharini mwaka uleule. Mama alisimama nyuma ya nyumba akimwita jina lake mara tatu na kurusha wali, kama inavyotakiwa, ajue tunakwenda wapi na atufuate. Lakini mashua ya Mjomba ilikuwa na injini mpya, akawa anajionyesha, akatuvuta mbio mpaka vyombo vikaanguka. Mama akaita mara moja, ya pili ikamezwa na kelele, ya tatu tulikuwa tumeshapita rasi. Mpaka anakufa alikuwa akisema Babu hakusikia, yuko kule bado, anazunguka mahali ambapo hakuna nyumba. Nilikuwa na miaka saba na nilimwamini. Bado namwamini.

Ndiyo maana uliniambia huna haraka ya kufika. Nimechelewa kuelewa.

Sasa nami niseme yangu, maana nimekudai ukweli na mimi ninao niliouficha. Sikubadilisha kalamu. Desemba rafadha iliyokuwa imening'inizwa ilishuka kabla sijatoa mkono. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Barua yako ya kwanza, macho yangu yakiwa bado na ukungu wa dawa, nilisomewa na nesi asiyejua lugha yetu, alitamka herufi moja moja na mimi nikaziunganisha. Rafadha sizisugui tena, nafagia. Sikusema kwa sababu ya kamba. Kwa mkono huu siwezi kufunga fundo, nimejaribu na kamba za viatu, nimejaribu kwa miezi. Mwanamume wa ghuba asiyeweza kufunga kamba anarudi kufanya nini? Mashua zikijipanga kuvuta, atasimama wapi, aangaliwe? Kwa hiyo si kazi nyingi, na wala si mvua. Siji kwa sababu ya aibu.

Msimu haujaisha, tufani nyingine itakuja. Ukibaki hapo tena sitakuwa na mtu wa kumwandikia, na mwandiko huu mbaya hakuna mwingine atakayeuvumilia. Ondoka, dada. Nakuomba.

Luan


Hori ya Trung,
30 Septemba 2002

Mdogo wangu Luan,

Soma kwanza mahali nilipoandikia, juu hapo, halafu ndiyo upokee salamu.

Barua yako ililetwa na Bi Xuyen Jumatano. Nililia kwa ajili ya vidole vyako, nikavitaja mbele ya Mama kimoja kimoja, kisha nikakasirika nawe siku mbili nzima. Miezi yote hii unanichorea mapuli kwa mkono wa kushoto na unaniambia kalamu. Ijumaa redio ikatangaza, na safari hii walisema inakuja moja kwa moja kwetu.

Nilianza asubuhi ya Jumamosi, maji yakiwa yamejaa. Nilipandisha vizimba, nikafungua nanga ya tatu, ya pili, ya kwanza. Ile ya kwanza Kha ndiye aliyeifunga na fundo lake lilikuwa bado lilelile. Sikulifungua, nililikata, nikabaki nalo mkononi. Nikawasha injini. Kwa muda hakuna kilichotokea, nikadhani umekosea hesabu. Kisha nikaona mwamba wa jirani umeanza kusogea dirishani, polepole mno, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi kukupisha. Muc alilala chini akafumba macho.

Nilipofika mwendo wa kutosha nikaizima, kama ulivyosema. Nikasimama nyuma jikoni na bakuli la wali. Miaka miwili na zaidi nilikuwa sijalitamka jina hilo kwa nguvu. Nikaita. Kha, tunahama. Kha, tunakwenda Hori ya Trung, fuata. Kha, mimi Thoa. Nikarusha wali. Nyumba ilikuwa ikiteleza yenyewe, kimya, na jina lilikwenda mpaka kwenye miamba likarudi lote, halikumezwa na kitu. Nikawasha tena. Nilizima mara kumi na moja njiani, Luan. Saa tatu zako zikawa tano na upepo ukanikuta kwenye mkondo. Rafadha iliyashika maji kama ulivyoahidi, ikasukuma na haikupiga kelele za bure. Sisemi kwamba alijibu. Hakujibu. Lakini safari yote hakuna mahali nilipokwenda mbio, na anayetaka kufuata angeweza kufuata, hata kama amechoka.

Tufani ilikuja jioni ikapiga usiku kucha. Horini tulitikisika, vyombo viwili vimevunjika na kile chungu cha Bi Hoi kimepata ufa. Jumanne Bi Xuyen alinipeleka kuangalia kule kwetu. Hakuna kitu. Hata maboya ya vizimba vya zamani hayapo, na mwamba mdogo wa mbele umeanguka baharini. Nilikitupa pale kile kipande cha kamba chenye fundo, nikarudi nyumbani. Bakuli la Kha nimeliondoa mezani, nimeliweka kwenye meza ya wazee, karibu na Mama. Kha hajarudi, na hii ndiyo mara ya mwisho mimi kuandika hivyo.

Sasa hizo kamba zako. Hapa hakuna mashua kumi zinazojipanga. Hakuna mtu wa kukuangalia umesimama wapi, niko mimi na mbwa asiyeona vizuri. Nyumba yetu haivutwi tena na kamba ya mtu yeyote. Ina injini, na injini inawashwa kwa mkono wa kushoto, wewe mwenyewe uliniandikia umejaribu na mimi mjinga sikuuliza kwa nini ulijaribu. Mafundo nitafunga mimi. Wewe utamenya vitunguu, utapima muda wa kuteleza, utalala na injini yako jikoni kama nilivyokuahidi. Kwenye bahasha andika: nyumba ya kijani yenye injini. Iko moja tu.

Jambo la mwisho sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Mama alisema wanaoitwa ni waliopotea, aliye hai haitwi, ni mkosi. Nilijua hivyo. Lakini pale mlangoni mwa hori, nilipozima mara ya kumi na moja, nilimwita Kha, wali ukabaki kidogo kwenye bakuli, basi nikaita na jina lako, Luan, mara tatu, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Nyumba iliteleza muda mrefu kuliko mara zote, na mimi nilisimama nikisikiliza mpaka iliposimama.

Dada yako,
Thoa